Sekunde Arobaini Baada ya Kuaga

Kiswahili changu ndicho kilichomkata Elikana Sanga mguu. Watu hunifariji kwa kuniambia ni baridi ya Julai, au ni zege, au ni mashine. Ninawaacha waseme.

Asubuhi baada ya kona ya mashariki ya ghorofa ya kumi na tisa kuporomoka, tulikuwa watu watatu ndani ya kontena la ofisi. Injinia Shomvi, meneja wa mradi, alikuwa amevaa makoti mawili, maana ni mwanamke wa Tanga na miaka miwili Makambako haikumfundisha kuuzoea upepo wake. Fundi Nyagawa, msimamizi wa kikosi cha mirunda, zile nguzo zinazoshikilia zege bichi, alikaa kwenye kiti cha plastiki na shingoni amening'iniza kadi iliyoandikwa MGENI. Mnara ule wa nafaka aliuanza ukiwa shimo la msingi, lakini asubuhi ile geti lilimkataa. Alama yake ya ahadi, ile namba inayomfuata kila msimamizi nchi nzima kutoka saiti hadi saiti, ilikuwa imeshuka kutoka tisini na saba hadi kumi na moja. Chini ya arobaini, geti halifunguki. Mlinzi ndiye aliyeona haya akamwandikia kadi.

Wa tatu nilikuwa mimi, Gaudensia Mligo, mlezi wa Tarishi, programu inayopokea na kupeleka taarifa zote za saiti.

"Tarishi," akasema Injinia, "turudishie taarifa ya jana, saa moja na dakika kumi, ghorofa ya kumi na tisa."

Spika ya mezani ikatoa sauti yangu. Tarishi alikuwa na sauti yangu, kila mtu pale saiti alijua.

"Shikamoo, Mzee. Umeamkaje?"

"Marahaba, binti." Hiyo ilikuwa sauti ya Fundi Nyagawa, na upepo nyuma yake. "Nimeamka salama, magoti tu. Huku juu shwari. Kikosi kimetimia, ahadi ya jana tumeimaliza."

"Hongera. Leo saa tatu mashine za kaa zitapanda kutoa mirunda kona ya mashariki."

"Nimesikia. Haya, kazi njema."

"Kazi njema, Mzee."

Rekodi ikaishia hapo.

"Hakuna pingamizi hapo," akasema Injinia.

"Pingamizi nililitoa," akajibu Fundi Nyagawa. "Nilisema kona ile bado. Nilikwaruza zege kwa msumari, ukaacha mfereji kama kwenye sabuni. Nikasema wasiguse mirunda mpaka Alhamisi."

"Ulisema saa ngapi?"

"Hapo hapo. Nilipomaliza kuaga."

Injinia Shomvi alishusha pumzi. "Mzee wangu, mkishaaga sikio la Tarishi linafungwa. Nyinyi wenyewe ndio mlidai. Mligoma siku tatu kwa ajili hiyo."

"Mimi nilisema. Sikujibiwa, nikajua nimeeleweka." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Gaude, mwanangu. Wewe ndiye unayemjua huyu. Nilisema, sikusema?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa kwenye kishikwambi kilichokuwa juu ya mapaja yangu, chini ya viganja vyangu.

"Kumbukumbu ndiyo hiyo tuliyoisikia, Mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei ambayo hakuitarajia. Akaondoka na kadi yake ya mgeni.

* * *

Kabla ya Tarishi, saiti ya watu mia nne iliendeshwa kwa makelele, kwa simu, na kwa karatasi zilizolowa mvua. Fundi matofali anasubiri mchanga. Mchanga unasubiri lori. Lori limesimama getini linasubiri sahihi ya mtu aliyekwenda kunywa chai. Tarishi alikuja kukomesha kusubiriana. Kila asubuhi, kila msimamizi humwambia kupitia kofia yake: leo nitamaliza hiki, nahitaji kile, nimekwamishwa na hili. Tarishi huzishona ahadi zote pamoja. Wafunga nondo wakimaliza, mtambo wa zege unaambiwa uanze kukoroga. Zege likimwagwa, shanga zilizozamishwa ndani yake hutuma joto lake kila dakika, na kwa joto na masaa Tarishi hupiga hesabu ya ugumu. Likikomaa, anawaita kaa, zile mashine za miguu sita, wakatoe mirunda iliyolishikilia.

Ila Tarishi wa kwanza aliyeletwa alizungumza Kiswahili cha kutafsiriwa. Alimwambia mtu mzima, "Toa hali yako." Mafundi walikaa wiki nzima wakichekana. "Hali yangu naitoa wapi, nimeiacha nyumbani." Wengine waliziba vipaza sauti kwa udongo. Hapo ndipo nilipoajiriwa, nikiwa na diploma ya ujenzi na ulimi ambao mama aliwahi kusema utanifukuzisha kazi.

Nilimfundisha Tarishi kuamkia. Nilimfundisha kuuliza habari za magoti na za mgonjwa aliyeko nyumbani. Ndani ya miezi miwili ahadi zilizotimia zilipanda kutoka nusu hadi tisa kwa kila kumi, na nilitembea pale saiti kama niliyeujenga mnara kwa mdomo wangu.

Wafanyakazi walikuwa na sharti moja. Aliyelisema ni Onorina Kaduma, kiongozi wa wafunga nondo, mbele ya watu wote: "Tukishaliaga, lizibe masikio. Kofia ni ya kazi, maneno yetu ni yetu." Nikapanda juu ya rundo la matofali nikaahidi. Mkiaga tu, sikio linafunga, na taa ya kijani kwenye paji la kofia inazima. Hakuna aliyeuliza kwa nini taa imewekwa mahali ambapo mwenye kofia haioni.

Sikio halikufunga. Taa ilizima, Tarishi akaacha kujibu, lakini nilimwachia sekunde arobaini za kurekodi, zikawa zinaingia kwenye jalada nililoliita Mkia. Sababu yangu niliiona nzuri. Mtu anapotoa taarifa huzungumza kama yuko mbele ya karani. Akishaaga ndipo ulimi unapolegea, ndipo yanapokuja matani, mafumbo, ule wimbo wa Kibena ndani ya Kiswahili. Nilitaka Tarishi ajifunze hapo. Nami, sitaficha, nilipenda kusikiliza.

Na huko kwenye Mkia nilikuta jambo ambalo mtoto yeyote wa nyumba yetu angeweza kuniambia. Mgeni wetu hasemi lililomleta akiwa amekaa. Anakunywa chai, anauliza habari za mifugo, anaaga, anavaa viatu, na akiwa ameshika mlango ndipo anasema, "Halafu bwana, kuna kile kijambo." Mafundi walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Taarifa zilisikiwa na vikosi vyote kwenye laini moja, na hakuna mtu mwenye adabu anayesema mbele ya kadamnasi kwamba zege la mwenzake bado ni bichi. Waliaga, kisha wakasema la kweli. Kila mikia sita, mmoja ulikuwa na habari ya kazi ambayo Tarishi hakuipeleka popote.

Hilo nililijua mwezi wa nne. Ningeweza kulirekebisha kwa siku moja. Lakini kulirekebisha kungekuwa kukiri nimelijuaje. Nikaandika kwenye daftari, "Tutazame baadaye," nikafunga daftari.

* * *

Saa ya chakula, watu wakiwa kwenye makande yao, nilijifungia kontenani nikautafuta mkia wa Fundi Nyagawa. Ili kuufikia ilinibidi nipite kwenye mikia ya watu wengine ya asubuhi ya ajali. Mmoja alikuwa anaomba dua. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake jina la ugonjwa wake. Niliipita haraka kama mtu anayepita bafuni kwa watu, na kwa mara ya kwanza masikio yakanichoma.

Kisha: "Kazi njema, Mzee."

Upepo. Kikohozi.

"Halafu, binti. Sikutaka kusema wenzako wakisikia, zege lile ni la kijana Mwalongo na ndiyo kwanza amepewa kikosi, tusimvunje moyo. Kona ya mashariki bado. Upepo unaipiga usiku kucha. Nimeikwaruza kwa msumari. Hizo shanga zako sijui zinasoma nini. Usiwaruhusu hao kaa mpaka Alhamisi. Umenielewa, eh? Haya. Msalimie mama."

Shanga ya kona ile ilikufa siku zege lilipomwagwa. Niliikagua hapo hapo. Tarishi alikuwa ameazima joto la shanga ya jirani, iliyokuwa nyuma ya ukuta, penye kinga ya upepo. Hesabu ilikuwa sahihi, kwa zege la mahali pengine.

Msalimie mama. Nilisikiliza mara tatu, halafu nikavaa koti nikaenda hospitali.

* * *

Elikana alikuwa ameegemea mito miwili, na shuka upande wa kulia limelala bapa kuanzia chini ya goti. Ni kijana wa kubeba nondo, ana umri kama wangu, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Karibu, dada. Kaa basi, usisimame kama umekuja kukagua."

"Pole, Elikana."

"Nimeshapoa. Hapa nimebakiwa na kidole gumba kimoja cha mguu, nakitunza." Akanitazama nikikaa. "Unajua nilikuuliza?"

"Uliniuliza nini?"

"Napita chini ya ile kona na mzigo begani. Nikauliza kwenye kofia, napita? Ukaniambia, pita tu kaka, uangalie kichwa."

"Si mimi. Alikuwa Tarishi."

"Sauti yako, dada. Mimi sijui huko ndani mnagawanaje." Akacheka kidogo. "Na kichwa nilikiangalia kweli."

Kwenye meza kulikuwa na maganda ya chungwa yaliyomenywa kwa mkupuo mmoja bila kukatika, kwa ustadi wa mtu mwenye subira. Nikauliza ni nani aliyekuja.

"Mzee Nyagawa. Amekuja jana, leo tena. Jana alipiga magoti hapo sakafuni, na magoti yale mabovu, akaniomba radhi. Eti aliiona kona ni mbichi, angepaswa kusema kwa nguvu zaidi. Mtu mzima kama yule, ningemwambia nini? Nikamwambia, Mzee, yameisha. Tukala chungwa."

"Ukasema yameisha."

"Ungesemaje wewe? Akishaomba mtu mzima, jambo limekwisha. Hata mama yangu, aliyetaka kwenda kuichoma ofisi yenu, ameacha."

Niliangalia dirishani. Nilikuwa nimekuja kumwambia. Maneno niliyokuwa nayo yote, mimi ninayemfundisha hata mashine namna ya kuzungumza na watu, hayakutosha kutengeneza sentensi moja. Nilimmenyea chungwa la pili. Ganda lilinikatikia mara nne.

* * *

Kesho yake asubuhi nilimpelekea Injinia Shomvi mkia wa Fundi. Aliusikiliza akiwa amesimama. Ulipokwisha alikaa.

"Yako mangapi haya?"

"Yote. Tangu Januari. Watu mia nne."

"Ee Mola." Alijifunika uso kwa mikono. Si mama mbaya. Alipoondoa mikono alikuwa ameshaanza kupanga. "Rejista ya wasimamizi haitarudisha alama ya Mzee bila ushahidi wa sauti."

"Ndiyo maana nimeleta."

"Na ushahidi ukitoka, kila mtu atajua."

"Ndiyo."

"Watatupa kofia, Gaude. Mahindi ya Njombe na Ruvuma yanaingia mwezi wa tisa, na bila Tarishi mnara huu haufiki kileleni hata mwakani. Yatalala nje yanyeshewe. Hilo nalo lipime." Akavuta karatasi. "Sikiliza, mdogo wangu. Tutasema yote, hatutaficha. Utasimama mbele yao, utaeleza, utaomba radhi. Watu wa huku wana moyo. Ukiomba vizuri, na wewe unajua kuomba vizuri, watasema yameisha. Mzee anarudishiwa alama yake, kofia zinavaliwa, kazi inaendelea."

"Na sikio?"

"Sikio tutalitazama baadaye."

Nililitambua neno lile. Lilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu.

* * *

Saa nne walikusanyika uwanjani, kati ya rundo la mchanga na mtambo wa zege. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la saruji. Fundi Nyagawa alisimama mbele, bado na kadi yake. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuwasikilizisha, akasema, "Weka. Mimi sina siri na zege."

Sauti yake ikatoka kwenye spika kubwa. Halafu, binti. Mwalongo, yule kijana wa kikosi cha zege, aliinamisha kichwa na hakukiinua tena. Ilipofika msalimie mama, mtu mmoja nyuma alisonya kwa sauti ndefu.

Nikawaeleza. Nilisema sikio halikuwahi kufungwa. Nilisema niliwaahidi nikiwa juu ya rundo la matofali, pale pale, nikawadanganya. Nilisema tangu mwezi wa nne nilijua kwamba ya kweli wanayasema baada ya kuaga, nikanyamaza ili nisijulikane, na jana Mzee aliponiuliza mbele ya Injinia kama alisema au hakusema, nilijua, nikamruka.

Onorina Kaduma alivua kofia yake. "Gaude. Mwezi wa tano, nilikuwa ghorofa ya kumi na mbili, peke yangu. Nilisema nini?"

"Ulilia, dada."

"Nililia nini?"

"Sitasema hapa."

"Lakini unajua."

"Najua."

Kisha akaiweka kofia yake kwenye mchanga, mdomo wa kipaza ukiangalia chini, akarudi mahali pake. Mwingine akaiweka yake. Halafu ilikuwa sauti ya kofia tu, moja baada ya nyingine, mpaka rundo likawa refu kuliko mimi. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama pale, na haikunimeza, ilibidi nisimame juu yake.

Injinia Shomvi alinong'ona pembeni yangu. "Sasa. Omba sasa."

Fundi Nyagawa akasogea hatua mbili, akasimama kati yangu na watu, kama anavyosimama baba kwenye kikao cha familia.

"Jamani, binti amekosa," akasema. "Amesema mwenyewe, hajaburutwa. Alama yangu itarudi, mimi sina neno. Gaude, mwanangu, waombe radhi hawa ndugu zako, tuyamalize, watu wakale."

Niliwaona wakilegea. Niliona mabega yakishuka. Neno lilikuwa tayari midomoni mwao, wanangoja langu tu. Hata Onorina alikuwa ameangalia pembeni, kwa namna ya mtu anayekubali kulazimishwa. Na kofia zilikuwa pale karibu, umbali wa kuinama tu.

"Mzee," nikasema, "ulikwenda kupiga magoti kwa Elikana kwa kosa ambalo si lako, likaisha. Siku moja tu, likawa limeisha. Mguu haujaota."

"Binti, ndivyo watu wanavyoishi."

"Najua. Mimi nikiomba, mtasema yameisha. Mtaokota kofia. Wiki ijayo kaa watapanda ghorofa ya ishirini, na sikio litakuwa lile lile, kwa sauti hii hii yangu. Funguo za Mkia hizi hapa, nampa Onorina. Msizivae hizo kofia mpaka nyinyi wenyewe muone sikio linapofungwa na linapofunguliwa."

"Omba radhi kwanza," akasema mtu kutoka nyuma, kama anayebembeleza. "Hayo mengine yatafuata."

"Hayatafuata. Nayajua, nimeyasikiliza tangu Januari."

Fundi Nyagawa akanishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito, na ulikuwa mpole. "Mwanangu, huoni aibu?"

"Naona, Mzee. Sijaona kitu kingine tangu juzi."

"Basi omba."

"Siombi."